Jaji Hatungi Sheria, Mbunge Haamui Kesi

Shule za upili zikiandaa mahakama za mfano, kosa moja hujirudia. Mwanafunzi aliyekalia kiti cha jaji anampata mshtakiwa na hatia ya kuiba simu, kisha anamfunga miaka ishirini "liwe funzo kwa wengine". Ukumbi unapiga makofi. Walimu, tafadhali mkatizeni hapo. Kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kimeweka kikomo cha miaka mitatu kwa wizi wa kawaida. Mahakama inaweza kushuka chini ya hapo, au kutoa kifungo cha nje, ikizingatia umri wa mkosaji na hasara aliyosababisha. Kupita kikomo haina ruhusa, maana kikomo kiliwekwa na Bunge. (Kesi kama hiyo, kwa kweli, huanzia kwa hakimu. Hakimu, wa mahakama za chini, na jaji si cheo kimoja.)

Linalotusumbua zaidi ni adhabu ya kifo. Tunaulizwa kila mara kwa nini majaji waliifuta. Hawakuifuta! Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji, Mahakama ya Juu, iliyo ya mwisho nchini, iliamua kuwa ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji. Kilichoanguka ni ule ulazima. Adhabu yenyewe ingali katika sheria, na mwaka 2021 Mahakama hiyo ilifafanua kuwa uamuzi wake ulihusu mauaji tu, si wizi wa mabavu, ambao nao huadhibiwa kwa kifo. Anayetaka adhabu hiyo iondolewe kabisa amwendee mbunge wake. Mswada husomwa mara ya kwanza, umma hutoa maoni, husomwa mara ya pili, hupitia kamati, husomwa mara ya tatu, kisha Rais hupewa siku 14 kuutia sahihi au kuurudisha Bungeni.

Lakini msimwendee mbunge "azungumze na jaji". Kifungu cha 160 cha Katiba kinakataza mahakama kuelekezwa na yeyote. Mbunge huomba kura kila miaka mitano. Jaji haombi kura, na anaweza kuhudumu hadi umri wa miaka 70, ili aweze kuamua hata lisilopendwa na wengi.

Asiyeridhika na hukumu ya hakimu akate rufaa Mahakama Kuu: siku 14 kwa jinai, 30 kwa madai. Sheria yenyewe ikimuumiza, Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, mwanafunzi akiwemo.