Lisp gani hiyo inayojikokota?

Wiki iliyopita dogo mmoja kwenye grupu letu katupia skrinishoti, kaandika fib (fankisheni ya kukokotoa namba za Fibonacci) kwa lugha ya C na kwa lugha ya Lisp, kapima zote mbili, ya C imemaliza hata hajapepesa macho na ya Lisp bado inahema, basi kahitimisha kwamba Lisp ni ya makumbusho. Nikamuuliza kitu kimoja tu: unatumia Lisp gani? Akajibu, Common Lisp. Aisee, hiyo ni kama mtu akuulize unaendesha gari gani useme la magurudumu manne. Common Lisp ni maelezo ya lugha, stendadi ya ANSI ya mwaka 1994, siyo programu unayoiwasha. Programu zenyewe ziko nyingi na hazifanani hata kidogo.

Kumbe yeye anatumia CLISP, moja ya hizo programu, na fankisheni kaichapa moja kwa moja pale kwenye REPL, ile sehemu unachapa kodi na kujibiwa papo hapo. Sasa CLISP ukiichapia fankisheni hivyo inaisoma kwa intapreta, yaani inaifuata hatua kwa hatua bila kuitafsiri kwanza, mpaka wewe mwenyewe uiambie (compile 'fib), na hata ukiiambia haikupi kodi ya mashine, inakupa baitikodi, kodi ya kati ambayo CLISP yenyewe ndiyo inaiendesha. SBCL, programu nyingine ya Common Lisp, ukiichapia fankisheni inaikompaili (inaitafsiri) kwanza mpaka kodi ya mashine ndiyo inaendesha. Yaani dogo kalinganisha gcc, kompaila ya C, na intapreta, halafu kesi kaibebesha lugha. Wengine wapo katikati: ECL inageuza Lisp kuwa C na kumkabidhi gcc, ABCL inapanda mgongoni mwa JVM, mashine pepe ya Java, na CCL inakompaili haraka sana ila haijihangaishi sana na kuboresha. CLISP nayo siidharau, kwenye namba ndefu zile za tarakimu maelfu imesifika miaka mingi.

Ila hata ukihamia SBCL usidhani umemaliza. Tuchukue kitu kidogo, kujumlisha vekta:

(defun jumla (v)
  (let ((s 0))
    (dotimes (i (length v) s)
      (incf s (aref v i)))))

Hapo kompaila kauziwa mbuzi kwenye gunia. v ni vekta ya nini? Namba kamili, desimali, au mchanganyiko? s ikizidi ukubwa wa fixnum, namba kamili inayoenea kwenye neno moja la mashine, je? Fixnum ya SBCL kwenye mashine za biti 64 inaishia 2^62 kutoa 1, kwa sababu biti moja ni ya alama (chanya au hasi) na nyingine inaliwa na tagi inayoitambulisha kuwa ni namba na siyo anwani ya memori, na ukipita hapo Lisp lazima ikupe bignum, namba kamili ya ukubwa wowote, yenye jibu sahihi, haina ruhusa ya kufurika kimyakimya. Kwa hiyo kila mzunguko inaangalia tagi, inaangalia aina ya vekta, inaangalia mipaka, ndiyo ijumlishe. Mwenzake C haulizi chochote. Watu wanasahau hili, sehemu kubwa ya hiyo "spidi ya C" ni maswali ambayo hayakuulizwa.

Weka (declare (optimize (speed 3))), yaani kasi kwanza, uone SBCL inavyolalamika. Itakwambia imelazimika kutumia GENERIC-+, kujumlisha kwa aina yoyote ya namba, kwa gharama 10, wakati ingeweza kujumlisha fixnum palepale kwa gharama 1, na sababu inakutajia: hujaniambia hiki ni nini. Hizo gharama ni makadirio yake mwenyewe siyo mizunguko ya prosesa, lakini ujumbe unaeleweka. Sasa mwambie v ni (simple-array double-float (*)), yaani vekta ya desimali tupu, s anzisha na 0d0, halafu ita (disassemble 'jumla) uone kodi ya mashine. Ile misururu yote imeyeyuka, ndani ya lupu unakuta karibu ni addsd moja, agizo la prosesa la kujumlisha desimali, na kaunta. Inabaki noti moja, float to pointer coercion, gharama 13, maana jibu likitoka nje ya fankisheni linafungashwa kwenye memori, baiti 16. Mara moja tu, achana nayo, labda kama fankisheni yenyewe inaitwa mara milioni ndani ya lupu nyingine.

Vekta yenyewe nayo uitengeneze vizuri. make-array bila :element-type inakupa vekta ya anwani, kwa hiyo desimali milioni 1 zinakula MB 8 za anwani na MB 16 za vifurushi, badala ya MB 8 basi. Kwa prosesa kufukuzia anwani huko memorini ndiyo balaa zaidi kuliko hata ukubwa.

Halafu kuna kitu kilinichekesha. Kwenye jumla hii ya desimali gcc na -O2 yake haikuachi mbali, kwa sababu mpangilio wa kujumlisha desimali ukibadilika jibu linaweza kubadilika, kwa hiyo naye anajumlisha moja moja akisubiri ya kwanza iishe. Mpe -O3 -ffast-math na -march=native kwenye mashine yenye AVX, maagizo ya prosesa ya kushughulikia namba kadhaa kwa pamoja, ndiyo anajumlisha nne kwa mpigo, na hapo anaondoka kweli. SBCL haina ufundi huo wa kujifanyia yenyewe, unaandika kwa mkono na maktaba yake ya sb-simd.

Ubishi wenyewe ni wa zamani, mwaka 1973 Richard Fateman alionyesha kodi ya hesabu ya MACLISP, Lisp ya zamani, kwenye kompyuta ya PDP-10 ikiipita ya Fortran ya DEC, kampuni iliyoitengeneza kompyuta hiyo.

Ila jamani (safety 0), tangazo linalomwambia kompaila aache kuhakiki chochote. Niliwahi kuiweka juu kabisa ya faili zima kwa uroho, vekta ikaja fupi kuliko nilivyotangaza, programu ikaandika nje ya mpaka wala haikusema neno. Ilikufa baadaye sana, gabeji kolekta (msafishaji wa memori) alipopita, ikanikaribisha LDB, kitafuta makosa cha ngazi ya chini cha SBCL, na sehemu iliyoangukia haikuwa na kosa lolote. Siku mbili zimeenda. Ukiacha safety 1, SBCL inahakiki ulichotangaza, ukidanganya mara nyingi inakukamata hapohapo, kwa hiyo 0 naiweka kwenye lupu moja tu, tena baada ya kupima.

Dogo kanirudia jana, kahamia SBCL, analalamika kompaila ina makelele, noti zimejaa skrini nzima. Nikamwambia aanze na za lupu ya ndani kabisa, hizo nyingine azipuuze kwanza.