Malaika wa Bwana: Ukombozi Unaokumbukwa Mara Tatu kwa Siku

Waamini wengi huichukulia Malaika wa Bwana kuwa sala ya Mama Maria, basi. Ukiifuatilia mpaka mwisho utaona inaanzia Nazareti, malaika alipompasha Maria habari ya kumzaa Yesu, inapita msalabani na kuishia kwenye ufufuko. Ni historia nzima ya wokovu, kwa dakika mbili tatu.

Saa zake ni saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Kengele hupigwa mapigo matatu, ikanyamaza, matatu tena, ikanyamaza, matatu ya mwisho, kisha hulia mfululizo. Kila mapigo matatu yana kiitikio chake na Salamu Maria moja, kwa hiyo mpiga kengele aache nafasi ya Salamu Maria inayosaliwa taratibu. Akiharakisha, watu nao hukimbiza maneno ili wamfikie.

Kiongozi akisema "Neno wa Mungu akatwaa mwili", piga goti. Aliyebanwa kwenye daladala au aliye shambani na jembe mkononi anaweza kuinamisha kichwa tu.

Kosa kubwa huja baada ya hapo. Zikiisha Salamu Maria tatu, watu hufanya ishara ya msalaba na kutawanyika, wakaiacha sala ya "Tuombe", ile ya "utie neema yako mioyoni mwetu". Lakini ni humo tu yanamotajwa mateso, msalaba na ufufuko. Ukiiruka, umeishia Nazareti. Uzito wake unaonekana pia katika Misa: ndiyo Kolekta, yaani sala ya mwanzo wa Misa, ya Dominika ya 4 ya Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli.

Kipindi cha Pasaka nafasi ya Malaika wa Bwana huchukuliwa na sala ya Malkia wa Mbingu, inayosaliwa kwa kusimama, desturi iliyowekwa na Papa Benedikto XIV mwaka 1742. Wapo wanaorudi kwenye Malaika wa Bwana mara Oktava, yaani siku nane za kwanza za Pasaka, inapoisha. Ni mapema mno: Malkia wa Mbingu huendelea mpaka Pentekoste.

Kwa nini kila siku, tena mara tatu? Katika Maandiko, ukumbusho si kuwaza mambo yaliyopita. Kitabu cha Kutoka (13:8) kinamwagiza mzazi amweleze mwanawe, akisema "mimi", yale Bwana aliyomtendea alipotoka Misri, hata kama mzazi huyo alizaliwa vizazi vingi baadaye. Kwa kukumbuka, naye anahesabiwa miongoni mwa waliokombolewa.

Familia isiyosikia kengele ya kanisa itege kengele ya simu. Anzeni na saa 12 jioni, maana wengi wako nyumbani. Mtoto apewe "Ndimi mtumishi wa Bwana" aiongoze yeye, wengine waitikie "Nitendewe ulivyonena". Ni fupi, ataishika ndani ya siku chache. Sala ya "Tuombe" iandikeni kwenye karatasi na kuibandika ukutani, kwa kuwa ndiyo husahaulika. Saa 6 mchana iongezeni baadaye, kila mmoja alipo, hata kimoyomoyo.