Je, wajua? Watangazaji wa besiboli walitangaza mechi wasizoziona

Katikati ya miaka ya 1930, msikilizaji wa jimbo la Iowa, Marekani, aliyefungulia kituo cha redio cha WHO mjini Des Moines alisikia mashabiki wakishangilia, kirungu kikigonga mpira, na kijana mwenye sauti tamu akisimulia jinsi mrushaji anavyojipanga kurusha. Mechi ilikuwa ya timu ya Cubs ya Chicago. Kijana alikuwa amekaa studio Des Moines, kama kilomita 500 kutoka huko, na hakuona hata tone la mchezo wenyewe. Jina lake Ronald Reagan, yule yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani.

Aliwezaje kutangaza asichokiona? Uwanjani alikaa fundi wa telegrafu, akituma kila tukio kwa alama za Morse kupitia waya. Studio kulikuwa na fundi mwenzake aliyesikiliza ile milio, akaipiga chapa na kumpa mtangazaji karatasi. Ujumbe ulikuwa mfupi mno. B1L, kwa mfano, ilimaanisha mrusho mbaya wa kwanza, umepita chini. Basi. Jua, vumbi, mrushaji kutikisa kichwa, mpigaji kusogea nyuma kidogo, vyote hivyo mtangazaji alivitoa kichwani mwake, akivijenga juu ya herufi mbili na tarakimu moja.

Jaribu kufanya hivyo na mpira wa miguu, utashindwa dakika ya kwanza. Pasi ishirini zinapigwa kabla fundi hajamaliza kutuma moja. Besiboli ni mchezo wa vituo: mrushaji anarusha, kitu kimoja kinatokea, kisha wote wanatulia. Na yanayoweza kutokea hayana wingi. Hata wachezaji wana namba kulingana na nafasi zao, kiasi kwamba tarakimu 6-4-3 zinatosha kueleza mpira ulipita kwa nani na nani hadi wapinzani wawili wakatolewa kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana naamini hakuna mchezo mwingine mkubwa wa Marekani ambao ungekubali kupitishwa kwenye waya mwembamba namna ile ukatoka upande wa pili ukiwa hai.

Kilichowalazimisha ni fedha. Kumsafirisha mtangazaji kila timu inapokwenda ugenini, kisha kukodi laini ya simu ya masafa marefu kwa saa zote za mchezo, kulikuwa ghali kuliko telegrafu.

Hatari yake ni kwamba waya hukatika. Reagan mwenyewe alisimulia mara nyingi siku mawasiliano yalipokatika mchezo ukiwa katika raundi ya tisa, ya mwisho. Fundi alimpa karatasi ya kumwarifu kwamba waya umekufa. Angeweza kusema ukweli, lakini vituo vingine vilikuwa vikitangaza mechi hiyo hiyo, na wasikilizaji wangehama. Akakumbuka kanuni moja. Mpigaji akiwa na makosa mawili, bado moja tu atolewe, kwa kawaida mpira anaougonga ukaangukia nje ya mistari haumtoi, anarushiwa tena. Na mipira ya namna hiyo haiingii kwenye takwimu, kwa hiyo gazeti la kesho lisingemuumbua. Basi akamfanya mpigaji agonge nje, na tena nje, na tena, kwa karibu dakika saba kwa simulizi yake. Waya uliporudi, karatasi ilisema mpigaji alikwisha kutolewa kwenye mrusho wa kwanza kabisa.

Sauti nazo zilikuwa na mafundi wake. Kipande cha mbao kikigongwa kwa kijiti cha ngoma kilitosha kuwa kirungu, na kelele za mashabiki zilitoka kwenye santuri. Waaustralia walitumia njia hiyo mwaka 1938 kwa kriketi iliyochezwa Uingereza, wakigonga penseli kwenye mbao kila mpira ulipopigwa. Gordon McLendon wa Dallas, aliyeanzisha mtandao wa redio wa Liberty mwishoni mwa miaka ya 1940, alikwenda mbali zaidi: ili kupata mwangwi wa kipaza sauti cha uwanjani, mtu wake alisemea chooni.

Ustadi huo unanivutia sana, ila moyo wangu uko kwa Red Barber, mtangazaji wa timu ya Dodgers ya Brooklyn. Yeye aliacha mlio wa telegrafu usikike hewani, tik-tik-tik, ili msikilizaji ajue habari inatoka wapi. Hakuhitaji makelele ya santuri, na watu walibaki kumsikiliza.

Laini za simu ziliposhuka bei na televisheni kuenea, kazi hii ilififia. Lakini mwaka 1958, baada ya timu ya Giants kuhama New York kwenda San Francisco, kituo cha WINS cha New York kilimpa mtangazaji Les Keiter karatasi za telegrafu na kijiti cha ngoma. Kwa sababu ya tofauti ya saa, mechi za usiku za San Francisco zilianza New York usiku ukiwa umeshaingia sana. Mashabiki walioachwa na timu yao walikesha wakimsikiliza.