Alukobondi pekee haipozi nyumba

Kila msimu wa joto Dodoma, malalamiko ni yale yale: mwenye jengo amevalisha kuta zake paneli za alumini, zile mafundi wanaziita alukobondi, fedha nyingi zimekwenda, na vyumba bado vinachemka. Sisi tunaopitia michoro ya vibali tunauelewa uchungu wake. Lakini paneli ya milimita 4 haizuii joto, na mawe ya urembo hayazuii pia. Kinachozuia ni kile kinachowekwa nyuma yake, na hapo ndipo wengi hubana matumizi.

Chukua ukuta wa tofali za saruji za inchi 6. Ukibandika mawe ya sentimita 2, hutahisi tofauti. Paneli ikiachiwa nafasi nyuma, wazi chini na juu, hewa iliyopata moto hupanda ikatoka na ukuta hubaki kivulini. Hiyo ni nafuu ya kweli. Ukiweka sentimita 5 za polistaireni, ile foma nyeupe inayofungia televisheni mpya, au sufu ya mawe, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, joto linalopenya hushuka hadi takribani moja ya tano. Kwa tofali za kuchoma pekee, ungehitaji ukuta wa karibu mita 1.

Kinga hiyo ya joto, foma au sufu, ikae upande wa nje wa tofali. Usiku fungua madirisha tofali zipoe, asubuhi funga. Anza na kuta za mashariki na magharibi. Na kama juu una bati tupu, achana na kuta kwanza, shughulikia dari. Wagogo waliezeka tembe, nyumba yao ya asili, kwa udongo, si kwa bahati mbaya.

Foma huwaka. Katika jengo la Grenfell, London, Juni 14, 2017, moto ulipanda kupitia paneli zenye kiini cha plastiki katikati ya bati zake mbili za alumini, na kinga ya foma. Watu 72 walikufa. Kwa ghorofa tunashauri sufu ya mawe, ambayo haiwaki.

Kuvalisha jengo ni kubadili sura iliyoidhinishwa. Si "ukarabati mdogo", tafadhali. Omba kibali halmashauri ukiwa na hati ya umiliki, michoro ya msanifu, maelezo ya mhandisi kuhusu vishikizo na nguvu ya upepo, na mchoro wa mkato wa ukuta unaoonyesha kila tabaka. Bila kibali, kazi inaweza kusimamishwa, ukatozwa faini, au ukaamriwa kubomoa kwa gharama zako. "Fundi aliniambia" si utetezi. Mchoro ulioandikwa "alukobondi" tu, bila unene wa kinga wala aina ya kiini, tunaurudisha.