Seva ya Linux na masasisho: dhana potofu na ukweli wake

Katika ofisi nyingi ndogo hapa Mwanza husemwa kwamba seva ya Linux (kompyuta inayohudumia nyingine kwa mfumo endeshi wa Linux) ikishasimikwa na kufanya kazi vizuri, isiguswe tena. Ukweli ni kwamba dosari za usalama hugunduliwa kila mara ndani ya programu zilezile zilizokwisha kusimikwa, na seva iliyounganishwa na intaneti haifichiki kwa kuwekwa chumba cha nyuma cha duka la Kirumba.

Dhana inayonitia wasiwasi zaidi ni kwamba amri ya «apt upgrade», inayosasisha programu zilizosimikwa, ikimalizika bila hitilafu, kazi imekwisha. Amri hiyo hubadilisha mafaili ya diskini, lakini si kila huduma huanzishwa upya. Programu iliyokwisha kuanza na isiyoanzishwa upya huendelea kutumia nakala ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu hadi ianzishwe upya. Aprili 2014, dosari ya Heartbleed ilipotangazwa katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche inayotumiwa na programu nyingi, aliyesasisha maktaba hiyo bila kuanzisha upya huduma zinazoitumia alibaki hatarini vilevile. Nami niliyaona hayo kwenye seva ya wauza dagaa fulani: niliendesha lsof, amri inayoorodhesha mafaili yanayotumiwa na programu, nikakuta neno DEL kwenye mstari wa libssl (faili la OpenSSL), maana yake faili la zamani lilikwisha kufutwa diskini huku Nginx, programu ya kuhudumia tovuti, ikiwa bado inalishikilia, wiki tatu baada ya masasisho. Tangu hapo siondoki kabla ya kuendesha needrestart, inayoonyesha huduma zinazohitaji kuanzishwa upya. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, nayo kwa kawaida hudai mashine nzima iwashwe upya.

Wengine huamini kwamba toleo jipya kabisa ndilo salama kabisa. Debian imara (toleo tulivu la Debian, mmoja wa mifumo ya Linux) huziba dosari ndani ya toleo lilelile, kwa hiyo namba ya zamani si dalili ya uzembe. Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund alipofuatilia ucheleweshaji mdogo wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, aligundua mlango wa siri uliopandikizwa katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yaliyokuwa mapya wakati huo; Debian imara haikuguswa.

Kuhusu kunakili amri ya mtandaoni na kuiendesha kwa sudo, yaani kwa mamlaka kamili ya msimamizi, nasema kwa ufupi: vifurushi vya hazina rasmi (ghala la programu la mfumo wenyewe) huhakikiwa saini, amri hiyo haihakikiwi na yeyote.

Umeme nao ukikatika katikati ya masasisho, si lazima kusimika mfumo upya, kwani mara nyingi amri ya «dpkg --configure -a» huendeleza kazi ilipoishia. Hata hivyo, seva iwe kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme), na nakala rudufu iwe imejaribiwa kurejeshwa kabla amri ya kwanza haijaandikwa.