Povu la mgonjwa wa kifafa haliambukizi

Imani hii ni ya miaka mingi: mtu akianguka kifafa, ukimgusa huku akitoa povu, nawe utakipata. Ndiyo maana watu hurudi nyuma, na wapo wanaomtengea mgonjwa sahani na kikombe chake. Hofu hiyo inaeleweka. Kumwona mtu akikakamaa na kutikisika mwili mzima kunatisha.

Lakini kifafa huanzia kwenye ubongo. Seli zake huwasiliana kwa umeme mdogo sana, na nyingi zikiurusha kwa pamoja bila mpangilio, mtu huanguka. Povu ni mate tu ambayo hakuweza kuyameza, yakachanganyika na hewa. Likiwa na damu, huenda amejing'ata ulimi. Chanzo chaweza kuwa jeraha la kichwa, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Mara nyingi hakijulikani.

Ukitaka kuhakikisha, tazama familia inayouguza: mama anayemfuta mwanawe povu miaka nenda miaka rudi hakipati. Waulize pia wauguzi wa kliniki, ambao huwashika wagonjwa hawa kwa mikono yao.

Kinachoniuma ni dakika zinazopotea watu wakisimama mbali. Mlaze mgonjwa ubavu, mwekee nguo laini chini ya kichwa, usimtie kijiko mdomoni. Akipitisha dakika 5 bila kutulia, mkimbizeni hospitali.