Kosa linapogeuka zawadi: vichekesho vya papo kwa papo

Waigizaji wawili wako jukwaani bila muswada. Mmoja, anayecheza mama mwenye nyumba, anasema: "Mwanangu, niletee mbuzi, wageni wanakaribia." Kichwani mwake ni mbuzi ya kukunia nazi. Mwenzake anarudi akivuta kamba isiyokuwepo, jasho linamtoka: "Mama, amegoma mlangoni!"

Mama akijibu, "Sikumaanisha huyo," mchezo umekufa. Lakini akisema, "Mshike pembe basi, nimkalie," kisha akamkalia na kuanza kukuna nazi, "huyu meno yake makali kuliko yule wa jana," watu hawana mbavu.

Hiyo ndiyo maana ya kusema kosa ni zawadi. Katika vichekesho vya papo kwa papo, neno likishatamkwa jukwaani limekuwa kweli, hata kama limesikika vibaya. Kazi ya mwenzako ni kulipokea na kuliongezea. Jina likichanganywa, mtu huyo sasa ana majina mawili, na lazima ipatikane sababu ya kuyaficha.

Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Marekani, alianza kubuni michezo ya aina hii mjini Chicago, akifanya kazi na watoto wakiwemo wa familia za wahamiaji, ambao lugha za nyumbani kwao zilitofautiana. Kwa hiyo kutoelewana kulikuwepo tangu mwanzo. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kundi la vichekesho la The Second City mwaka 1959. Keith Johnstone, mwalimu mwingine wa maigizo, naye alianzisha Theatresports, mashindano ya timu za kuigiza papo kwa papo, mjini Calgary, Kanada, mwaka 1977, na aliwafundisha wachezaji wake kukosea kwa moyo mkunjufu.

Michezo mingine imeundwa makusudi ili mtu aeleweke vingine. Katika mchezo wa kuganda, mtu anapiga makofi, wawili walioko jukwaani wanatulia tuli, wa tatu anamgusa mmoja bega na kuchukua mkao wake uleule. Mikono iliyokuwa ikisukuma gari lililokwama matopeni inakuwa ya mtu aliyeegemezwa ukutani akipekuliwa.

Kinachochekesha hasa si kosa lenyewe. Ni ile nusu sekunde ambayo hadhira inamwona mwigizaji ameshtuka, kisha inamwona akiamua. Ndiyo maana kosa la kusingizia halina ladha. Anayejifanya hakusikia hutambulika mara moja, maana macho yake hayajashtuka, na mimi naona huko ni kuwanyima watazamaji kitu kilichowaleta ukumbini.

Zawadi yenyewe haiishi upesi. Nusu saa baadaye, katika tukio jingine kabisa, bwana mmoja mwenye tai anaagiza wali wa nazi hotelini. Mpishi anaitikia, anageukia jikoni, na kutoka pembeni mwa jukwaa inasikika sauti nyembamba: "Meee!" Ukumbi mzima unaangua kicheko.